Steinbeck na walalahoi wake: aliwatetea au aliwachagua?

Waliosoma sekondari Kenya miaka ya karibuni wanamjua mwandishi wa Kimarekani John Steinbeck kwa kile kitabu chembamba, The Pearl, kilikuwa kwenye orodha ya vitabu vya hiari vya mtihani wa KCSE, stori ya mvuvi Kino na mkewe Juana na kichanga chao Coyotito anayeumwa na nge. Ile ya daktari sidhani kama kuna aliyeisahau. Mtoto kaumwa, mama kaifyonza sumu lakini roho haijatulia, anasema daktari lazima, wanatembea mpaka mjini na majirani kibao nyuma yao, wanafika getini, na huko ndani daktari yuko kitandani na kikombe chake cha chokoleti anamwambia mtumishi yeye ni daktari, sio daktari wa mifugo, hebu kawaulize kama wana hela. Kino anatoa lulu nane, ndogondogo, mbovumbovu, rangi ya kijivu. Zinarudishwa getini. Eti daktari katoka, kaitwa kwa mgonjwa mahututi.

Ukisoma pale huulizi mwandishi yuko upande gani, na ndo maana wengi wakifunga kitabu wanabaki na jibu moja tu, Steinbeck mtetezi wa wanyonge, yameisha. Mi naona hayajaisha. Kwao Marekani wanabishana juu ya huyu mtu tangu 1935 na kila upande una hoja za kweli, sio wivu wala siasa tupu. Msimamo wangu naueleza mapema ili nisikuzungushe: sioni tatizo Steinbeck kuwaandika watu ambao yeye sio mmoja wao, fasihi ingebaki wasifu binafsi tupu kama hilo lingekatazwa. Tatizo naloliona ni kwamba alikuwa anachagua, mnyonge huyu anakuwa mtu mzima mwenye akili na hasira na aibu, na mnyonge yule anabaki kichekesho, au hayupo kabisa.

Alikotoka kwanza, haraka haraka. Kazaliwa Salinas, California, 1902, baba alikuja kuwa mtunza hazina wa kaunti ya Monterey, mama alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa. Sio matajiri lakini sio makapuku. Chuo cha Stanford kaingia 1919 akawa anaingia anatoka mpaka 1925 akaondoka bila digrii, katikati hapo akipiga vibarua kwenye mashamba ya miwa ile ya mizizi, viazisukari, ya kampuni ya Spreckels, na huko ndo kakutana na wanaume wanaozunguka na blanketi mgongoni shamba hadi shamba, wazee wetu wa mkonge wangewaita manamba. Kaoa 1930, akakaa na mkewe Carol kwenye kijumba cha baba yake Pacific Grove bila kulipa kodi, na mzee anawatumia dola 25 kila mwezi. Nayataja haya kwa sababu wanaompinga huwa wanaanzia hapa, kwamba huyu msoto wake ulikuwa na mlango wa kutokea na ufunguo alikuwa nao baba. Ni kweli. Lakini ni hoja dhaifu, maana wapo watoto wengi wa watunza hazina waliopita njia zile zile na hawakuona kitu.

Hoja nzito inaanzia Tortilla Flat, 1935, kitabu kilichomtoa. Danny karithi nyumba mbili za babu yake kilimani Monterey, washkaji wanahamia, nyumba moja inaungua, wanarundikana kwenye iliyobaki, na siku zinaenda kwa mvinyo wa galoni, kuku wa watu, na falsafa ndefu ya kuuhalalisha wizi wenyewe. Mwandishi anawaita paisano, damu iliyochanganyika ya Kihispania, wenyeji wa asili, Wameksiko na Wazungu wa hapa na pale, na kawapanga kama wale mashujaa wa meza ya mviringo wa Mfalme Arthur. Kitabu kilitoka katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, watu hawana kazi wala pesa, wakakutana na kundi la jamaa ambao hawana kazi na wamefurahi. Kikauzika sana.

Sasa angalia sura ya Teresina Cortez. Ni mama wa watoto kibao, hajui vizuri kila mmoja kapatikana vipi, na chakula chao ni maharage na chapati za mahindi tu, asubuhi mchana jioni. Shule inashtuka, nesi anashtuka, daktari anawapima akitegemea kukuta utapiamlo, anakuta watoto wana afya kuliko wote aliowaona. Mwaka mmoja mvua inaharibu maharage shambani, yale ambayo bibi na mama huwa wanaokota baada ya mavuno ya wenye shamba, basi Danny na wenzake kwa huruma wanawaibia mboga, maziwa, samaki, kila kitu kizuri. Watoto wanaumwa matumbo. Mpaka waibiwe maharage ndo wanapona. Na mama mwishoni ana mimba nyingine, anajiuliza ni ya yupi kati ya hawa marafiki wa Danny.

Nakiri inachekesha, jamaa ana mkono wa vichekesho. Lakini fikiria unaisoma ukiwa mtoto wa kweli wa hicho kilima. Umeambiwa njaa yako sio njaa, mwili wako umeumbwa tofauti, chakula cha watu wengine kitakudhuru. Mwenye shamba akisoma ile sura analala usingizi mnono kabisa. Wasomi wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko walikuja kulisema hili kwa ukali miaka ya 1970, Philip Ortego akiwa mmoja wao, kwamba kile kitabu ni katuni, mlevi mvivu mwenye roho nzuri, na katuni hiyo ilitembea mbali kuliko ukweli wowote. Ikatengenezwa na filamu 1942, Spencer Tracy na Hedy Lamarr wanaigiza kuwa paisano. Hapo sina cha kuongeza.

Upande wa pili nao una ushahidi ndani ya kitabu hicho hicho. Kuna jamaa anaitwa Pirate, akili yake nzito kidogo, analala kwenye banda la zamani la kuku na mbwa wake watano, kila siku anakata kuni anauza anapata senti 25 na hatumii hata senti, anakula makombo ya hotelini. Danny na wenzake wananusa kwamba ana hazina imefichwa, wanamkaribisha nyumbani kwao ili waigundue na waipige. Pirate mwenyewe anawaletea mfuko, anawaambia naweka hapa kwa marafiki zangu, niliahidi kinara cha dhahabu kwa Mtakatifu Francis siku mbwa wangu alipougua. Basi kimewafunga. Wezi wamegeuka walinzi, hawana namna. Pale hakuna katuni, ni mtu ameonyesha jinsi kuaminiwa kunavyoweza kumbana mtu kuliko kukamatwa, na kaionyesha bila mahubiri.

Steinbeck mwenyewe aliona kilichotokea. Toleo la 1937 aliandika dibaji akisema hakuwahi kuwaona wale watu kama vituko, ni watu anaowajua na kuwapenda, na kama kuwaandika kumewadhuru anasikitika na hatarudia. Nikisoma maneno yale naamini alimaanisha. Ila 1945 katoa Cannery Row, kundi la wanaume wasio na kazi, nyumba ya kujishikiza, pombe, mipango ya ajabu ajabu, kasoro safari hii wengi wao ni Wazungu. Karudi palepale tu bana, kabadilisha waathirika. Mtaa wenyewe wa Monterey ukaja kubatizwa rasmi jina la kitabu mwaka 1958, dagaa walikuwa wameshakwisha baharini na viwanda vinakufa, leo watalii wanapiga picha pale ambapo watu walikuwa wananuka samaki mpaka kwenye nywele.

Kuna kitabu kati ya hivyo ambacho kwangu ndo kina kesi kubwa zaidi na hakizungumzwi sana, In Dubious Battle, 1936, kuhusu mgomo wa wachuma matofaa. Oktoba 1933 bonde la San Joaquin kulikuwa na mgomo wa wachuma pamba, mkubwa kuliko yote kwenye kilimo California hadi wakati ule, na kama robo tatu ya waliogoma walikuwa Wameksiko. Pale Pixley wenye mashamba wenye silaha waliwamiminia risasi wagomaji wasio na silaha, wakafa wawili, wote Wameksiko. Steinbeck alichota kwenye migomo ya mwaka ule, aliongea na waliokuwemo, na alipokaa kuandika wagomaji wakawa Wazungu. Yaani watu waliopigwa risasi hawamo kwenye riwaya iliyotokana na kupigwa kwao risasi. Unaweza kusema ni riwaya, mwandishi ana uhuru, na ni kweli anao. Lakini alivyoamua kuwaandika Wameksiko mwaka mmoja kabla aliwapa galoni ya mvinyo, na walipokuwa wamesimama barabarani na mabango akawatoa. Kwangu hii ni nzito kuliko makosa ya Tortilla Flat, maana katuni unaiona, mtu aliyeondolewa humwoni.

Baada ya hapo ndo tunafika kwa The Grapes of Wrath, ile inayohesabiwa kazi yake kubwa, na hapo lazima nibadilishe sauti maana kitabu kile ni kikubwa kweli.

Agosti 1936 alitumwa na gazeti la San Francisco News kuandika juu ya familia zilizokuwa zinamiminika California kutoka Oklahoma, Texas, Arkansas na kwingine kule, wamefukuzwa na ukame, madeni na matrekta. Akafika kambi ya serikali pale Arvin, Weedpatch kwa jina la mtaani, akamkuta meneja anaitwa Tom Collins. Huyu Collins alikuwa na tabia ya kuandika ripoti kila wiki, na hazikuwa ripoti kavu za ofisini, ni nani kasema nini, nyimbo gani zinaimbwa, lafudhi, ugomvi wa vyoo, nani kakataa msaada kwa sababu ya aibu. Steinbeck akazisoma zote. Makala saba zikatoka Oktoba hiyo. Mwanzoni mwa 1938 karudi tena na Collins kwenye mafuriko ya Visalia, watu wamekwama kwenye mahema yenye maji, watoto wanakufa njaa, na jarida la Life lilipotaka amwandikie stori ile kwa malipo alimwandikia wakala wake kwamba hawezi kuchuma pesa kwenye mateso ya wale watu. Kuanzia mwisho wa Mei mpaka Oktoba mwaka huo kakaa Los Gatos kaandika kitabu chote, mkewe Carol anachapa, na jina la kitabu ni Carol kalipata. Kimetoka Aprili 1939, na mpaka Februari 1940 nakala zaidi ya laki nne zimeuzwa. Kwa hiyo pesa alichuma, tena nyingi. Wapinzani wake wanaikamata sana hiyo, mimi siikamati, mtu akiandika vizuri kitabu kikanunuliwa sio dhambi.

Uzuri wa kile kitabu ukitaka kuuona usianze na Tom Joad, kijana wa familia ya wahamaji ambayo kitabu kinaifuata, nenda sura ya mgahawa wa njiani. Mwanaume kaingia na watoto wawili, anataka mkate wa senti 10. Mae, mhudumu, anamwambia wetu ni wa senti 15 na tukikuuzia wewe tutakosa wa kutengenezea wateja. Jamaa hatukani, anaomba kwa upole kwamba wana safari ya maili elfu moja na hesabu yao ni kali. Mpishi nyuma anafoka, mpe huyo mkate bana. Wakati analipa senti imejitokeza mfukoni, anawaona watoto wamegandia kwenye kabati la peremende, anauliza zile ni za senti moja? Mae anaangalia kidogo, anajibu mbili kwa senti. Wakitoka madereva wa malori wanamwambia zile sio mbili kwa senti, zile ni senti tano moja. Mae anawajibu vibaya, inawahusu nini. Na wao wanaacha chenji yote juu ya kaunta.

Hakuna anayelia, hakuna shukrani ndefu, na yule mwanaume hapotezi heshima yake hata nukta moja. Linganisha na maharage ya Teresina. Ni mwandishi yule yule, tofauti ni miaka minne tu, na kambi ya Weedpatch katikati.

Au ile ya trekta, inayokuja mapema kwenye kitabu. Mpangaji anasimama mbele ya nyumba yake inayokuja kuvunjwa, anakuta dereva ni mtoto wa Joe Davis, jirani, kijana wao kabisa, analipwa dola 3 kwa siku. Anamwambia nitakupiga risasi. Kijana anajibu watakunyonga, na hata kabla hujanyongwa atakuwa keshapanda mwingine. Basi nimpige aliyekutuma. Aliyenituma katumwa na benki. Basi kuna mkurugenzi wa benki. Na yeye anapata amri kutoka Mashariki. Sasa tumpige nani? Nimesoma uchambuzi mwingi wa uchumi ambao haufiki popote karibu na swali lile.

Wenye mashamba walikielewa haraka kuliko wahakiki. Bodi ya kaunti ya Kern, ambako kambi yenyewe ipo na familia ya Joad inapita, Agosti 1939 ilipiga kura nne kwa moja kitabu kiondolewe maktaba na shule zote za kaunti, na zuio likadumu mpaka 1941. Mkutubi mkuu, Gretchen Knief, aliandika barua ya kupinga, halafu akatii amri. Bakersfield wakapiga picha ya kukichoma moto, mwenye shamba mmoja mkubwa kasimama anaangalia, na aliyeshika kitabu kinachoungua ni kibarua wake. Mbunge wa Oklahoma Lyle Boren akasimama bungeni 1940 akakiita uongo mtupu wa akili iliyopinda. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, mwaka huo huo akaenda kuzitembelea kambi, akawaambia waandishi wa habari hajawahi kudhani kitabu kile kimetia chumvi.

Sasa turudi kwenye hoja yangu ya kuchagua, maana hata hapa ipo, na hapa ndo inauma zaidi kwa sababu kitabu ni kizuri.

Kwenye zile makala za 1936 Steinbeck anawatambulisha wahamaji hawa kwa msomaji kama Wamarekani halisi, anataja asili ya majina yao, ya Kiingereza, Kijerumani, Skandinavia, na anasema hawa sio kama wale wa kwanza, hawatakubali kuishi chini kama walivyokubali wageni. Makala zilipokusanywa kijitabu 1938, pamoja na picha za Dorothea Lange, wakakipa jina Their Blood Is Strong, damu yao ina nguvu. Damu ipi? Kwa nini mtu ahitaji damu ili asife njaa kwenye hema? Miaka hiyo hiyo Wameksiko kwa malaki, wengi wao raia waliozaliwa Marekani, walikuwa wanashinikizwa na kupakiwa kwenye treni kurudishwa Meksiko, wengine baada ya kuchuma mashamba yale yale miaka yote ya 1920. Riwaya ya kurasa mamia kuhusu vibarua wa mashamba ya California na hao karibu hawamo.

Wanaomtetea wanajibu mambo mawili na yote yana uzito. La kwanza, kati ya makala zile saba moja nzima ilikuwa juu ya Wachina, Wajapani, Wameksiko na Wafilipino, namna walivyoletwa, wakanyonywa, walipoanza kudai wakafukuzwa, kwa hiyo sio kwamba hakujua, alijua na aliandika. La pili ni la mbinu: msomaji wa 1939 mwenye hela ya kununua kitabu alikuwa Mzungu wa tabaka la kati, ukitaka ashtuke mwonyeshe mtu anayefanana naye amelala mtaroni. Hii ya pili naielewa lakini hainipi amani, maana ni kukubali kwamba huruma ya msomaji ina mipaka na wewe mwandishi unaiheshimu hiyo mipaka.

Na historia ikaja kuicheka hiyo mbinu. Picha maarufu kuliko zote za msiba ule, ile ya mama na watoto wamejificha mabegani kwake, Lange kaipiga Nipomo Machi 1936, ikatembea dunia nzima kama sura ya mama wa Kizungu aliyefilisika. 1978 mwenyewe akajulikana, Florence Owens Thompson, Mcherokee kutoka Oklahoma. Akasema hajapata hata senti kwenye picha ile na anatamani isingepigwa.

Kuna deni lingine, na hili mashabiki wa Steinbeck huwa wanalipita kimya kimya. Sanora Babb, mwandishi, kazaliwa Oklahoma 1907, utotoni kaishi kwenye kijumba cha kuchimbwa ardhini Colorado baba yake akilima na kufeli. 1938 alikuwa anajitolea kwenye kambi za California chini ya huyu huyu Tom Collins, anaandika kila anachosikia, na Collins akazitaka zile kumbukumbu, na inaaminika zilimfikia Steinbeck. Wapo wanaosema kazitumia waziwazi, wapo wanaosema kurasa za Collins mwenyewe zilimtosha, watafiti hawajamaliza. Kisichobishaniwa ni kwamba Babb alikuwa anaandika riwaya yake juu ya watu wale wale, wachapishaji Random House walikuwa wameipenda, Grapes ikatoka ikavunja soko, na Bennett Cerf wa Random House akamwambia mwaka huu hakuna nafasi ya kitabu cha pili cha namna hiyo. Kitabu chake, Whose Names Are Unknown, kikaja kuchapishwa 2004. Babb kafariki 2005.

Steinbeck kamlipa Collins fadhila, nusu ya tabaruku ya kitabu ni kwa Tom aliyeyaishi, nusu kwa Carol aliyelazimisha kiandikwe. Kwa Babb hamna kitu. Inawezekana hakujua hata jina lake, na mi sina shida kuamini hivyo, ila soko lilijua majina yote mawili na likachagua la mwanaume ambaye keshauza.

Kuhusu wanawake sitakaa sana. Ma Joad, mama wa familia kwenye Grapes, ni mtu kamili, hakuna ubishi. Lakini Of Mice and Men, 1937, mke wa Curley, mtoto wa bosi wa ranchi, hana hata jina lake mwenyewe kitabu kizima. Humo humo yupo Crooks, mtunza farasi mweusi, mgongo umepinda kwa teke la farasi, analazwa chumba cha hatamu chenye rundo la mbolea chini ya dirisha, ana vitabu, na kimojawapo ni cha sheria za California za 1905, kimechakaa kwa kusomwa. Mtu mweusi anayesoma haki zake kwenye chumba cha farasi. Halafu mke wa Curley, mnyonge mwingine, anamwambia naweza kukufanya unyongwe juu ya mti kirahisi tu, na Crooks anajikunja mpaka anabaki hana sura wala sauti. Ukurasa ule ungeandikwa na mtu asiyeelewa unyonge unavyokanyagana wenyewe kwa wenyewe usingekuwa hivyo, kwa hiyo ukiniambia Steinbeck alikuwa kipofu wa rangi nakukatalia, alikuwa anaona pale alipoamua kugeuza kichwa.

1962 wakampa Nobel, New York Times wakatoa makala ya Arthur Mizener akihoji kama mtu wa maono ya miaka ya 30 anastahili, na Steinbeck alipoulizwa na waandishi kama anastahili alijibu hapana. Hoja ya Mizener na wenzake ilikuwa kwamba ni mlio mlio, anabembeleza machozi. Kuna kurasa za namna hiyo, ndiyo. Ila naona wahakiki wa aina ile hulalamikia machozi kwa sababu hawajawahi kuhesabu senti mbele ya mkate. Kilichonishinda mimi ni kingine, ni 1966 na 1967 alipokuwa Vietnam akiandikia gazeti la Newsday makala za kuiunga mkono vita, kapanda helikopta za jeshi na kuzisifu, na wakulima maskini waliokuwa chini ya zile helikopta hawakupata sura ya trekta.

Waliokosekana kwenye vitabu vyake waliingia wenyewe. Carlos Bulosan, Mfilipino aliyechuma mashamba yale, katoa America Is in the Heart 1946. Luis Valdez kaanzisha Teatro Campesino 1965 kule Delano, maigizo juu ya lori katikati ya mgomo wa zabibu. Tomás Rivera, mtoto wa vibarua wahamaji wa Texas, 1971 kaandika kitabu kifupi kwa Kihispania juu ya mwaka mmoja wa mtoto shambani, na hakimwombi msomaji huruma yoyote, hata hakimwangalii. Na Desemba 1970 César Chávez, kiongozi wa chama cha vibarua wa mashamba, aliwekwa jela Salinas, mji aliozaliwa Steinbeck, kwa kukataa kusitisha mgomo wa kununua letasi. Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King, alikuja kumwona. Steinbeck alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, kwa hiyo hatutajua angeandika nini, na akiangaliwa alivyokuwa Vietnam mi singeweka hela yangu mezani.

Kwa hiyo ukiniuliza nisome kipi, The Grapes of Wrath soma, usiache, ila usikisome peke yake. Kitafute cha Babb. Ya Steinbeck inaanzia Sallisaw, mashariki ya Oklahoma, ambako watu wa kule hadi leo wanamcheka maana vumbi lile kubwa la miaka ya ukame halikuwa kwao, lilikuwa mamia ya maili magharibi. Babb anaanzia huko magharibi kwenyewe, na nusu nzima ya kwanza hakuna anayehama kwenda popote, wanapanda, wanangoja mvua, wanakopa dukani, na sio maskini wa kuhurumiwa wala wa kuchekwa, ni wakulima wanaobishana juu ya bei ya ngano.